Majitaka ya Ohio, majitaka ya Alabama

Cleveland, Ohio. Mto Cuyahoga ulishika moto tarehe 22 Juni 1969, juu ya maji yake kukiwa na mafuta na takataka za viwandani. Leo vijana wanapiga makasia chini ya madaraja ya chuma, na watu wameketi ukingoni wakila. Kazi kubwa haionekani, kwa sababu iko makumi ya mita chini ya mitaa: mahandaki yenye kipenyo cha mita saba hivi, yanayohifadhi mvua iliyochanganyika na majitaka ili visimwagike Ziwa Erie. Mradi huo wa miaka 25, ulioanza 2011, unagharimu takribani dola bilioni 3. Sehemu ya fedha ni mikopo ya jimbo, na mikopo hiyo ndiyo iliyonileta huku.

Mwaka 1987 Marekani ilibadili Sheria ya Maji Safi ya 1972. Badala ya serikali kuu kuendelea kutoa ruzuku kwa mitambo ya majitaka, kila jimbo liliundiwa mfuko unaozunguka. Washington hutia fedha, jimbo huongeza asilimia 20 ya kiasi hicho, mji hukopa kwa riba nafuu au bila riba kabisa, na marejesho hukopeshwa mji mwingine. Kila mwaka jimbo huandaa mpango: mradi upi utangulie, riba iwe kiasi gani, nani asamehewe deni. Rasimu hutolewa ili wananchi watoe maoni. Ni karatasi za kuchosha, lakini humo ndimo inapoamuliwa ni nyumba gani itapata choo kinachofanya kazi.

Katika mpango wake Ohio imeandika jambo moja ninalolipenda kuliko mahandaki. Idara za afya za wilaya hupewa fedha za mfuko huo kutengeneza makaro ya nyumba za watu. Kaya iliyo chini ya mstari wa umaskini hulipiwa gharama yote, iliyo juu kidogo, asilimia 85, inayofuata, nusu. Mwenye nyumba haombi mkopo wala haweki dhamana.

Kisha nikashuka hadi Lowndes, Alabama, wilaya iliyopitiwa na maandamano ya Selma hadi Montgomery mwaka 1965. Udongo ni mfinyanzi mzito, haunyonyi maji, kwa hiyo karo la kawaida hufurika. Nyuma ya nyumba moja ya trela niliona bomba jeupe la plastiki likitoka chini ya sakafu, likapita kwenye nyasi na kuishia hatua chache tu, penye dimbwi la kijivu lenye inzi. Mimi nimekulia Dar es Salaam, kwenye mashimo na magari ya kunyonya. Harufu niliitambua kabla sijaliona bomba. Mvua ikizidi, mama mwenye nyumba aliniambia, uchafu hurudi bafuni.

Utafiti uliochapishwa 2017 uligundua dalili za minyoo ya safura kwa takribani theluthi moja ya wakazi waliopimwa hapo. Mfumo unaofaa udongo ule hugharimu maelfu mengi ya dola, na kwa miaka mingi asiyeumudu aliweza kushtakiwa. Mwanaharakati Catherine Coleman Flowers, aliyekulia Lowndes, ameitangazia dunia aibu hii.

Fedha hazikukosekana. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliiongezea mifuko ya majimbo dola bilioni 11.7, na kuagiza asilimia 49 yake itolewe kama ruzuku au deni la kusamehewa. Machi 2023 mashirika ya utetezi yalilalamika kwa Mamlaka ya Mazingira kwamba kanuni za mfuko wa Alabama zinawafungia nje wanaotegemea makaro. Mei mwaka huohuo Wizara ya Sheria ya Marekani iliafikiana na idara ya afya ya jimbo kuhusu majitaka ya Lowndes. Aprili 2025 serikali mpya ikayafuta makubaliano hayo.

Hata hivyo sheria ya shirikisho bado inaruhusu fedha za mfuko zitengeneze karo la nyumbani, na Ohio inafanya hivyo. Alabama nayo huandaa mpango wake. Nataka kipengele cha Ohio kiingizwe humo kilivyo, pamoja na viwango vyake vya kipato, na idara ya afya ya wilaya ndiyo ikabidhiwe fedha.