Mvumo uliomficha baba

Nimekuwa kimya kidogo, lakini safari hii si programu iliyonishughulisha, ni lehemu.

Mama yangu, huku Machakos, masikio yamechoka. Marehemu baba alituachia kaseti moja ambayo ndani yake anasimulia habari za ujana wake. Niliihamishia kwenye simu, lakini spika ya simu ni ndogo mno kwa mama. Basi nikaamua kumtengenezea amplifaya.

Nilitumia chipu ya LM386, yenye miguu minane. Sauti huingia mguu wa 3 na kutoka mguu wa 5, ikiwa imekuzwa mara 20. Kati ya mguu wa 5 na spika niliweka kapasita ya mikrofaradi 220: huzuia umeme usiobadilika, hupitisha sauti. Umeme wa volti 9 ulitoka kwa adapta ya zamani.

Nikawasha. Mvumo! Mama akasikiliza, akasema, "Mwanangu, baba yako anaongea akiwa ndani ya mto."

Nikatoa adapta, nikaweka betri. Kimya. Kumbe mvumo uliingia na umeme wa ukutani. Stima yetu ni hezi 50, na baada ya kugeuzwa na daraja la dayodi mawimbi yanayobaki huwa hezi 100. Nikaweka kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye mguu wa 6, na ya 10 kwenye mguu wa 7. Mvumo ukapungua, haukuisha.

Hapo ndipo nilipokumbana na ujinga wangu. Mimi mtu wa programu nilidhani graundi ni kama sifuri: sifuri ni sifuri popote uiandikapo. Nikaunganisha adapta, spika na simu kwenye waya mmoja mwembamba, kila kimoja kikifuata kingine. Lakini waya una ukinzani. Tuseme ni omu 0.1, na spika inarudisha ampea 0.2: tayari kuna volti 0.02 kati ya ncha mbili za "sifuri" yako. Chipu huiona kama sauti, huikuza mara 20, ikawa volti 0.4!

Dawa ilikuwa kukata ule mnyororo. Kila waya wa graundi sasa unakwenda peke yake hadi sehemu moja, kando ya kapasita kubwa.

Onyo: graundi hii si ule waya wa athi wa plagi, wenye kijani na manjano. Ule hulinda uhai. Fundi akikuambia uukate ili kuondoa mvumo, mkatalie.

Jioni ile mama alisikiliza kaseti nzima. Mahali fulani baba anakohoa kidogo kabla ya kucheka. Sikuwahi kukisikia kikohozi kile. Mama akasema, "Hapo sasa ametoka mtoni."