Rangi za Picha na Moyo wa Mtazamaji

Bila shaka umekwisha kusikia ikinenwa kwamba rangi ya buluu hutuliza moyo, nyekundu huamsha hasira na manjano huleta furaha. Maneno hayo hurudiwa na wauza rangi na washona mapazia, na hata na watu waliosoma, kana kwamba rangi ni dawa ya dukani yenye maelezo ubavuni mwa chupa. Kwamba rangi za picha hugusa moyo, hilo halina ubishi. Lakini jinsi zinavyougusa si jambo jepesi kiasi hicho.

Tuanze kiwandani, maana wengi wetu twaishi kwa jasho la viwanda. Mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa usimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma mazulia ya kutundikwa ukutani. Alikuta malalamiko: nyuzi nyeusi zilizofumwa kando ya buluu na zambarau zilionekana zimefifia. Akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akaona rangi yake haina kasoro hata kidogo. Weusi ule ulififishwa na jirani zake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1839, Chevreul alieleza kwamba jicho likiona rangi mbili zimepakana, huzitofautisha kuliko zilivyo hasa. Jaribu mwenyewe nyumbani: kodolea macho kitambaa chekundu kwa nusu dakika, kisha utazame ukuta mweupe. Utaona kivuli chenye ukijani ambacho hakuna mtu aliyekipaka.

Wachoraji walilifahamu jambo hilo. Septemba 1888, Vincent van Gogh, Mholanzi aliyekuwa akiishi Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora mkahawa uliokuwa wazi usiku kucha. Kuta ni nyekundu, dari ni ya kijani, taa nne zinawaka, meza ya biliadi imesimama katikati, na watu wachache wamejiinamia kwenye meza zao. Alimwandikia nduguye Theo kwamba kwa nyekundu na kijani alitaka kueleza hisia kali za kutisha walizo nazo binadamu. Hakuna anayepigana katika picha ile, wala hamna tone la damu. Mimi nimeiona kitabuni tu, nayo picha ya kitabuni ni kama chai iliyoongezwa maji, lakini hata hivyo ilinikosesha raha. Na rangi hizo hizo mbili ukiziona kwenye kanga za harusini, utapiga vigelegele!

Je, buluu nayo? Mwaka 1901 Carlos Casagemas, rafiki wa mchoraji wa Kihispania Pablo Picasso, alijiua kwa bastola mjini Paris. Kuanzia mwaka huo hadi 1904 Picasso alichora kwa buluu karibu tupu: vipofu, ombaomba, akina mama waliokonda wakiwa wamekumbatia watoto wao. Hiyo si buluu ya kumtuliza mtu.

Hapa niruhusu nizungumze habari za nyumbani kwangu. Tulipofunga ndoa, wenzangu wa kazini walitutunza picha ya bahari, buluu toka juu hadi chini, pamoja na tanga moja dogo jeupe. Mke wangu akirudi kazini huketi mbele yake akanyoosha miguu, na uchovu ukampungua. Mama yangu alipokuja kutoka Pangani kutusaidia kulea mtoto, alikaa siku nne akiipa picha hiyo mgongo. Siku ya tano alisema bila kuulizwa, "Mwanangu, maji haya yana rangi ya siku ile." Marehemu baba alitoka kwenda kuvua asubuhi moja, nami nikiwa darasa la tatu. Ngalawa ilionekana, yeye hakuonekana. Picha tukaihamishia chumbani kwetu. Mke wangu angali anaipenda. Mimi, ipo siku huniburudisha, na ipo siku siwezi kuitazama.

Lugha yetu yenyewe yalijua jambo hili. Kijani ni jani, kijivu ni jivu la mekoni, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda. Rangi zetu zina harufu na ladha kabla hazijafika kwenye picha. Na weupe ni wa kanzu ya sikukuu, na pia ni wa sanda.

Mwaka 1937, ndege za Ujerumani na Italia zilipoupiga mabomu mji wa Guernica, Picasso huyo huyo alichora picha yenye upana wa zaidi ya mita saba akaikatalia rangi: nyeusi, nyeupe na kijivu basi. Mtu wa gazeti kama mimi huona hapo karatasi ya gazeti. Nyekundu ya damu ingetupa mahali pa kupumzisha macho.

Kwetu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao za dari. Rangi moja hutandazwa nyuma, na mnyama akasimama juu yake. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Wako wanaozidharau picha za namna hiyo kwamba ni kelele za kufurahisha watalii. Nawaomba wamtazame mnyama mmoja aliye peke yake katikati ya rangi tupu, wasiseme neno kwa dakika moja, kisha waniambie kama ni furaha tu waliyoiona.

Ukienda kununua picha, basi, usimwulize muuzaji rangi ipi hutuliza. Nenda na wale watakaoishi nayo, hata mama mkwe kama yumo nyumbani, wasimame mbele yake kimya. Atakayegeuka kwanza, mwulize kwa upole ameona nini.