Mnakumbuka Mikono ya Mike Webster. Na Kichwa Je?

Wasee, leo tupumzishe EPL kidogo. Nataka tuongee kuhusu Mike Webster, jamaa ambaye mashabiki wa futiboli ya Marekani, hasa wazee wa Pittsburgh, bado wanamtaja kwa heshima ile mtu hutumia akitaja baba yake. Wengi wetu hapa Kenya tulimjulia kwa filamu ya Concussion ya 2015, ile Will Smith ameigiza daktari Mnigeria. Kwa hiyo filamu Webster anakufa mapema, na stori inaendelea na daktari. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na misimu 17 ya mpira, na hiyo ndiyo mashabiki wanaikumbuka. Mimi nauliza tu: wanaikumbuka yote, ama wanachagua?

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo, maana wengine wenu hamjawahi kuuangalia. Futiboli ya Marekani ni kama raga iliyokatwa vipande. Kila kipande kinaanza watu wakubwa wakiwa wameinama, safu mbili zinaangaliana, helmeti karibu kugusana. Katikati ya safu inayoshambulia kuna mtu anaitwa senta. Yeye ndiye anaupitisha mpira katikati ya miguu yake hadi kwa kwotabeki, yule staa wa kurusha pasi. Mpira ukishamtoka mkononi, kazi yake inabaki moja: kugongana na jitu lililo mbele yake ili lisimfikie kwotabeki. Halafu wanainuka, wanapangana, wanagongana tena. Mara sitini hivi kwa mechi moja.

Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa laini. Hakuna bao, hakuna asisti. Akifanya vizuri, ni kama hakuna kitu kimetokea, kwotabeki anarusha pasi yake na sifa zote ni zake. Akikosea mara moja, uwanja mzima unajua jina lake. Ndio maana mtu wa laini anahitaji mashabiki kuliko mchezaji mwingine yeyote. Mshambuliaji ana mabao yake yameandikwa mahali. Mtu wa laini ana wale watu wachache waliokuwa wanamwangalia yeye wakati wengine wote walikuwa wanaangalia mpira.

Na waliomwangalia Webster waliona nini? Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, hata timu yenyewe inaitwa Steelers. Webster, kijana aliyelelewa kwenye shamba la viazi kule Wisconsin, alichaguliwa na timu hiyo 1974, raundi ya tano, nambari 125. Yaani watu 124 waliitwa kabla yake. Mwaka huohuo Steelers walichagua Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth. Wote wanne waliishia kwa Hall of Fame, ile nyumba ya heshima ya mchezo huo. Ndani ya misimu sita timu ilikuwa imebeba Super Bowl nne.

Webster alijulikana kwa mikono. Theluji inaanguka, mashabiki wamejifunika hadi pua, yeye yuko uwanjani mikono wazi hadi mabegani. Wenzake wakitoka kupanga mchezo wanatembea, yeye anakimbia hadi kwa laini, kama mtu anayechelewa kazini. Alicheza mechi 177 mfululizo bila kukosa hata moja. Akafikisha mechi 220 kwa misimu 15 akiwa na Steelers, halafu akaongeza misimu miwili Kansas City. Walimwita Iron Mike, Mike wa Chuma. Jezi yake nambari 52 haijastaafishwa rasmi, lakini Steelers hawajampa mtu mwingine tangu aondoke.

Sasa fikiria wewe ni mfanyakazi wa kiwanda Pittsburgh wakati huo. Viwanda vinaanza kufungwa, majirani wanahama kutafuta kazi miji mingine, wanabeba kile kitaulo cha njano cha kupunga kwa mechi. Jumapili unawasha TV unaona mtu anafanya kazi chafu, hapigiwi makofi, haendi likizo, halalamiki. Si ni wewe huyo? Naelewa kabisa kwa nini walimpenda. Hata mimi, nikiangalia zile klipu za zamani hapa Nairobi, nampenda.

Lakini kuna kitu kwa hizo klipu huwezi kukikosa ukiangalia kwa makini. Enzi hizo beki alikuwa anaruhusiwa kumzaba mtu wa laini kofi la kichwa, na makofi hayo yalipigwa marufuku 1977 tu. Hadi 1978 mtu wa laini hakuruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja ili kumzuia mpinzani. Kwa hivyo unazuia na nini? Mabega na kichwa. Kichwa kilikuwa kifaa cha kazi, kama vile nyundo ni kifaa cha fundi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Webster alituzwa kweli, 1997 akaingia Hall of Fame, akakaribishwa jukwaani na Terry Bradshaw, kwotabeki aliyemlinda miaka hiyo yote. Lakini wakati huo mambo yalikuwa yameshaharibika. Alikuwa anasahau, anachanganyikiwa, ana huzuni isiyoisha. Kuna vipindi alilala ndani ya gari lake. Bodi ya malipo ya uzeeni ya wachezaji ilikubali 1999 kwamba amelemaa kabisa na kwamba mpira ndio ulimlemaza, lakini ikambania kiwango cha juu cha malipo. Kesi ikaenda kortini. Familia ilishinda zaidi ya dola milioni 1.5, na rufaa ikaamuliwa Desemba 2006. Webster alikuwa amekufa tangu Septemba 2002. Alikuwa na miaka 50.

Daktari aliyempasua kuchunguza maiti alikuwa Bennet Omalu, aliyezaliwa Nigeria 1968 vita vya Biafra vikiendelea, akasomea udaktari Nsukka. Omalu hakuwa shabiki. Hakujua Webster ni nani. Na hiyo, kwangu, ndiyo sehemu nzito ya hii stori. Mji mzima ulikuwa unamjua Webster na haukuona. Mgeni asiyejua mpira akaona, kwa sababu alijiuliza swali moja rahisi: mtu wa miaka 50 anachanganyikiwaje hivi?

Ubongo kwa nje ulionekana sawa tu. Omalu hakutosheka. Akauhifadhi, akaukata vipande vyembamba, akalipia vipimo na pesa zake mwenyewe. Ndani akakuta protini inaitwa tau imejazana mahali haifai kuwa. Ugonjwa huo unaitwa CTE, na 2005 akauandika kwenye jarida la madaktari wa upasuaji wa ubongo. Madaktari wa kamati ya NFL wakataka makala hayo yaondolewe. Yalibaki. Mwaka 2016 mkubwa mmoja wa NFL alikubali mbele ya wabunge wa Marekani kwamba mchezo huo na CTE vinahusiana.

Kitu wengi hawajui ni hiki: CTE haitaki lile pigo moja kubwa la kukuzimisha. Vile vipigo vidogo vya kila siku, vile unainuka ukiendelea kama kawaida, vinajumlishana. Na nani anapigwa vidogo vingi kuliko mtu wa laini? Kwa hivyo ukisema mechi 177 mfululizo, umetaja rekodi, lakini pia umetaja jumla ya vipigo. Ni nambari ileile.

Sasa turudi kwa mashabiki. Kuna wale husema ati mchezo wa siku hizi umekuwa laini, zamani kulikuwa na wanaume. Bana, laini ya zamani tumeona ilifanya nini. Kuna wengine hawataki kabisa ubongo utajwe, wanaona unaharibu kumbukumbu nzuri. Hao nawaelewa zaidi, hakuna mtu anapenda kukumbuka shujaa wake akilala kwa gari. Lakini mimi nasema hivi: kama wewe ndiye ulikuwa unamwangalia wakati wengine wanaangalia mpira, basi usiache kumwangalia alipotoka uwanjani. Mikono wazi kwa theluji ilikuwa kweli. Gari pia lilikuwa kweli. Ukimkumbuka nusu, unakumbuka jezi, mtu mwenyewe umemwacha nje.

Na hii si stori ya Marekani peke yake. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwa raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013, kwa hivyo njia ya kutoka huku hadi kule tayari iko. Na hata bila NFL, tuna raga yetu. Nimeona mechi ya shule, forwadi amegongwa kichwa hadi anauliza timu yetu inaelekea upande gani. Akamwagiwa maji, akaambiwa wewe ni mwanaume, akarudi. Watu walipiga makofi kuliko vile walipigia trai yoyote siku hiyo. Sheria ya raga iko wazi: ukishukiwa umetikiswa ubongo kwa mechi za kiwango chetu, unatoka, na siku hiyo hurudi. Hujadiliwi. Lakini sheria haiwezi kushinda makofi. Kijana wa miaka 16 anaogopa kuitwa mwoga kuliko anavyoogopa ugonjwa utakaompata akiwa na 45.

Hapo ndipo sisi tulio pembeni tuna kazi. Shabiki anadhani yeye anaangalia tu, kumbe yeye ndiye anaamua ushujaa unafanana na nini. Pittsburgh iliamua ushujaa ni kutokosa mechi, na Webster akawapa 177. Sisi tunaweza kuamua vingine. Siku ile forwadi wenu atainua mkono aseme kichwa hakiko sawa, atoke polepole akishikwa bega, mpigieni makofi hadi afike kwa benchi. Makofi yaleyale ya trai. Na ikiwezekana, yazidi.