Mimi wa Birere, timu yangu ni Meksiko

Ndugu msomaji, kama siku moja unapita Birere ukitokea Petite Barrière, na unaona kibanda cha mbao cha fundi wa radio chenye kitambaa cha kijani, cheupe na chekundu juu ya mlango, usiseme ni bendera ya Italia. Wengi wananiambia hivyo, na mimi nimechoka kuwasahihisha. Ni ya Meksiko. Katikati palikuwa tai anayekula nyoka, lakini jua na mvua vimekula tai, nyoka ndiye amebaki kidogo.

Nataka nikueleze namna nilivyofika pale, na kile kilichonigharimu, juu najua wewe pia uko na timu yako ya mbali. Huko Rubaya na Walikale nimeona mtu anatoka shimoni na matope mpaka kichwani, na kabla ya kunawa anauliza: «Barcelona imefanya ngapi?» Hakuna anayemcheka. Lakini mimi nikiuliza habari za Meksiko, wateja wote wanacheka, hata wale ambao radio zao bado ziko mkononi mwangu.

Ilianza mwaka 1994. Nilikuwa na miaka 12. Kombe la Dunia lilikuwa Marekani, na jirani yetu mmoja mfanyabiashara alikuwa na televisheni na antena kubwa ya parabole. Wakubwa walikaa ndani; sisi watoto tulitazama dirishani, na mukubwa wangu alinibeba mabegani. Ndivyo nilivyomwona Jorge Campos. Golikipa mfupi, mita moja na sentimita 68 tu, amevaa rangi zote za kasuku, nguo ambazo alizichora yeye mwenyewe. Akidaka mpira hakuutupa mbali. Alitoka nao akikimbia kama mtu aliyesahau kazi yake. Mukubwa wangu akasema: «Ule mufupi njo wako.» Basi, akawa wangu.

Tarehe 5 Julai, saa nne na nusu ya usiku, walicheza na Bulgaria. Stoichkov akafunga mapema, García Aspe akarudisha kwa penalti, kisha hakuna tena. Goli lenyewe lilivunjika: mchezaji mmoja wa Meksiko aliingia na nguvu katika wavu, miti ikalegea, wakaleta goli lingine zima. Tulicheka sana. Mwisho wakapiga penalti. Campos alizuia ya kwanza, lakini wenzake walikosa tatu, na Bulgaria wakapita 3 kwa 1. Hugo Sánchez, mshambuliaji wao mkubwa, alikaa kwenye benchi mpaka mwisho. Hata leo sijaelewa kwa nini hawakumwingiza. Nililia mabegani mwa mukubwa wangu, machozi yakaanguka katika nywele zake.

Siku kumi baadaye hakuna mtu Goma aliyezungumza mpira. Kuanzia katikati ya Julai watu wa Rwanda walivuka mpaka, zaidi ya nusu milioni kwa siku chache, kisha kipindupindu kikaingia. Wale waliokuwapo wanajua barabara zilikuwaje; sitaandika hapa. Fainali ilikuwa tarehe 17 mwezi ule ule, na sikumbuki ni nani aliyeniambia kwamba Brazili wamechukua kombe. Lakini Campos nilimkumbuka. Nafikiri ni kwa sababu ndiye kitu cha mwisho nilichokiona nikiwa ningali mtoto.

Mwaka 1998 Meksiko walinirudia. Ufaransa walifungwa kwanza na Korea ya Kusini, wakarudi wakashinda 3 kwa 1. Walifungwa mbili na Ubelgiji, wakarudisha zote mbili. Walifungwa mbili na Uholanzi, wakarudisha tena. Kulikuwa na mmoja, Cuauhtémoc Blanco, aliyebana mpira katikati ya miguu na kuruka nao kati ya Wakorea wawili kama chura. (Huyo alikuwa gavana wa jimbo la Morelos tangu 2018 hadi 2024. Mimi nilimpenda akiwa chura.) Kisha wakakutana na Ujerumani, wakafunga kwanza, nikasema leo ndiyo leo. Klinsmann na Bierhoff wakanifunga mdomo ndani ya robo saa ya mwisho. Mwezi wa nane vita ikaanza tena hapa kwetu.

Fulana nilipata miaka miwili baadaye. Mukubwa wangu alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni Virunga, na siku moja alipofungua balo akaikuta ndani, ile ya 1998 yenyewe: kijani, na mbele limechapwa jiwe la duara lenye sura inayotoa ulimi. Mama alipoiona alishika kichwa. Aliniuliza ni mizimu ya nani ninaingiza nyumbani. Nikamweleza kwamba ni jiwe la watu wa kale wa Meksiko, Waazteki, la kuhesabu siku, lililochimbuliwa katikati ya mji wao mkuu mwaka 1790. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Sawa. Lakini siku ya Mungu, huyo mwenye ulimi abaki nyumbani.» Akabaki nyumbani kila siku ya Mungu.

Na siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, ilikuwa kwenye kamba ikikauka. Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka, ukakata mji mpaka ziwani, na Birere haikuachwa. Tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na sufuria. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa jiwe jeusi, bado la moto, viatu vilinuka. Kwenye jiwe hilo tulijenga tena, na ndilo liko chini ya meza yangu ya kazi ninapoandika haya.

Mwezi wa sita mwaka ule kulikuwa na Kombe la Dunia huko Japani na Korea. Tuliweka televisheni juu ya lava, jenereta nyuma, mabati manne ya kivuli. Borgetti aliwafunga Italia kwa kichwa huku amegeukia upande mwingine kabisa. Nimeeleza bao hilo kwa watu wengi, na wengi hawaamini. Siku nne baadaye, Jumatatu saa mbili na nusu ya asubuhi, Marekani wakatufunga 2 kwa 0 kabla hata chai haijaisha. Unaona, ninasema «wakatufunga». Mama watoto alikuwa bado mchumba wangu wakati ule, akaniuliza swali ambalo bado ananiuliza: «Batu benye habakujue hata jina, njo bale unalilia?»

Jibu langu nilikuwa nalo kutoka kwa baba. Yeye alikuwa kijana mwaka 1974, Zaïre ilipokwenda Kombe la Dunia Ujerumani: Uskoti 2, Yugoslavia 9, Brazili 3. Mabao 14 yaliingia kwetu, na sisi hatukufunga hata moja. Baba hakupenda kulizungumza. Alisema tu kwamba wale vijana walikuwa mabingwa wa Afrika, na dunia ilikumbuka 9 peke yake. Sasa wewe mtoto wa watu kama hao utachagua timu gani? Wenzangu walichagua wanaoshinda. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchaguliwa, dirishani.

Kwa maana Meksiko, ndugu msomaji, wana ugonjwa wao. Wakiwa kwao, mwaka 1970 na 1986, walifika robo fainali. Wakitoka nje, wanapita makundi vizuri, kisha wanafia kwenye mechi ya nne. Tangu 1994 mpaka 2018, makombe saba mfululizo, mlango ule ule: Bulgaria, Ujerumani, Marekani, Ajentina, Ajentina tena, Uholanzi, Brazili. Kule kwao hawasemi «kushinda kombe», wanasema «mechi ya tano». Taifa zima linaomba mechi moja ya ziada tu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Ni 2014, na mimi ni baba wa watoto watatu. Kombe liko Brazili. Golikipa Ochoa amewazuia Wabrazili kwao mpaka mwisho, 0 kwa 0, na mimi nimekuwa na kichwa kikubwa. Mukubwa wangu alikuwa Walikale kwenye kasiterite tangu lava ilipomla biashara, akanipigia simu kutoka kilima fulani chenye mtandao: «Mwaka huu tunapita.» Jumamosi akaja kibandani mnunuzi mmoja wa koltani kuchukua radio yake. Akaona bendera, akacheka. Akasema Uholanzi watashinda, anaweka dola 60. Katika droo yangu mlikuwa dola 60. Zilikuwa minervali ya binti yetu wa kwanza, deni la miezi iliyopita, ambalo mama watoto alinipa nipeleke shuleni Jumatatu.

Nikaziweka.

Jumapili jioni, saa kumi na mbili, mechi ikaanza kule Fortaleza. Joto lilikuwa kali mpaka mwamuzi alisimamisha mchezo watu wanywe maji. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Giovani dos Santos akapiga kutoka mbali, bao. Kwa dakika 40 nilikuwa tajiri. Nililipa shule, nilinunua chuma kipya cha kulehemu, nilimnunulia mama watoto kitenge, yote nikiwa nimeketi kwenye benchi la nyumba ya video. Ochoa alizuia hata kwa uso. Dakika ya 88 Sneijder akasawazisha. Kisha Robben akaingia pembeni, Rafael Márquez akanyoosha mguu, Robben akaanguka na mikono hewani, mwamuzi akaonyesha alama. Huntelaar akafunga. Mnunuzi wa koltani hakucheka. Alihesabu pesa polepole na kusema: «Pole, fundi.» Ingekuwa afadhali acheke.

Nilimwambia mama watoto usiku ule ule. Hilo nalo ninaliandika kwa upande wangu, juu sina lingine zuri la kuandika. Hakupiga kelele. Alizima taa, na gizani akasema: «Utamwambia mtoto wewe mwenyewe.» Sikumwambia. Nilingoja Mungu afanye kitu. Mwanzoni mwa Julai, siku ya kutangaza matokeo, walimwita jina mbele ya wazazi wote, akasimama na nguo yake safi, wakamwambia keti, wewe bado una deni. Alikuwa wa tatu darasani. Tulilijua hilo wiki tano baadaye, mama yake alipomaliza kulipa kwa kuuza sambaza.

Jioni ya siku ile mtoto alikuja kibandani. Nilifikiri atalia, au ataniuliza pesa. Alisimama karibu na mlango, akatazama ile bendera, akasema: «Papa, ile penalti ilikuwa ya kweli?»

Nikamweleza vile ninavyojua. Kwamba Robben mwenyewe alikiri baada ya mechi kuwa kipindi cha kwanza alijiangusha mara moja, akaomba radhi. Lakini kuhusu ile ya mwisho alisema aliguswa. Kwamba kule Meksiko watu wanasema mpaka leo haikuwa penalti. «Na wewe?» akauliza. Nikasema Márquez alinyoosha mguu, hakuwa na haja ya kunyoosha. Akafikiri. «Basi ni kosa lake kidogo,» akasema. Nikasema ndiyo, ni kosa lake. Kisha nikamwomba msamaha, na akaniuliza kama anaweza kukaa pale asikilize radio.

Tangu siku ile sijaweka hata franga moja juu ya mpira. Lakini nikuambie ukweli, Meksiko sikuiacha, na yeye ndiye aliyeifuata. Mwaka 2018 Lozano alipowafunga Ujerumani kule Moscow, ni yeye aliyepanda juu ya kiti changu mpaka kikavunjika. Mwaka 2022 walitoka hata kabla ya mechi ya nne, kwa tofauti ya mabao, na alikaa siku mbili bila kusema.

Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 alivuka mpaka, na leo yuko Kampala. Usiku wa tarehe 16 Novemba mwaka ule tulikuwa nyumbani, mlango umefungwa, sauti ya televisheni chini kabisa. Leopards walicheza na Nigeria kule Rabat, 1 kwa 1, kisha penalti. Ilipokuwa 3 kwa 3, Mbemba akaenda kupiga ya mwisho. Mimi sikutazama. Mama watoto ndiye aliyetazama, na ndiye aliyepiga ukelele, kisha akajifunika mdomo kwa kitenge.

Siku chache baadaye ikajulikana kwamba mechi yetu ya mwisho ya mchujo itachezwa Guadalajara, ndani ya Meksiko kwenyewe. Simu ikalia kabla sijamaliza kusikiliza habari. «Papa,» binti akasema, «umesikia ni wapi?» Nikasema nimesikia. Nikasikia anacheka, kisha anyamaza.

«Papa, haujaweka pesa?»

«Apana.»

«Nipe mama.»