Kiumbe juu ya Jabali la Kihesa

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya swala ya Alfajiri, nilipanda mteremko wa Kihesa, mjini Iringa, daftari la kamati likiwa mkononi. Msikiti wetu ulihitaji kokoto za msingi wa madrasa, nami kwa nafasi yangu ya ukatibu nilitumwa kupatana bei na mama mmoja mjane avunjaye mawe kwa nyundo kando ya jabali kubwa.

Mgeni wa Iringa hawezi kuyakwepa majabali. Mji umekaa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mawe makubwa yamesimama baina ya nyumba kama wazee wa mtaa. Mashuhuri kuliko yote ni Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Hili la kwetu halina jina wala hadithi.

Nilipokuwa nikingoja, niliutazama uso wake. Ulijaa viraka vya kijivu, manjano na rangi ya machungwa, vikavu mithili ya rangi ya ukuta inayobanduka. Siku zote nilivihesabu kuwa ni uchafu wa jiwe.

"Ustadhi, huo si uchafu," alisema mama. Akachukua kidumu chake cha maji, akamwagia kiraka kimoja cha kijivu. Haukupita muda, kikageuka kijani mbele ya macho yangu.

Kiumbe huyo ni kuvumwani, na jina lenyewe limeeleza habari yake: ni kuvu na mwani walioungana. Kuvu hujenga nyumba, hushika jiwe na kuhifadhi unyevu. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha wote wawili. Juu ya jabali tupu, lenye jua kali mchana na baridi ya Iringa usiku, wanaishi kwa kutegemeana. Msimu wa kiangazi hukauka na kutulia kama aliyekufa. Tone la mvua likimfikia, huanza kazi upya.

Wala si mgeni katika maisha yetu. Ndugu yake wa pwani aitwaye marere, aotaye juu ya miti, alisafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 ili kutia nguo rangi ya zambarau. Hata rangi ya karatasi ya litmasi, tuliyoitumia shuleni kupima asidi, asili yake ni kuvumwani.

Hana mizizi, hupokea maji na virutubisho kutoka hewani, na kwa hiyo moshi mchafu humdhuru upesi. Hutoa asidi hafifu zinazolegeza chembe za jiwe, na chembe hizo pamoja na mabaki yake huwa mwanzo wa udongo. Lakini kazi hiyo haina haraka. Baadhi ya aina zinazogandamana na mawe hazikui hata milimita 1 kwa mwaka. Kiraka cha upana wa kiganja chaweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu zetu, nacho huondoka kwa pigo moja la nyundo.

Nilimtazama mama. Nyundo ile ndiyo inayosomesha wanawe. Kumwambia aache kazi kungekuwa dhuluma. Nikamuuliza kama kokoto zetu zaweza kutoka katika vipande vilivyokwisha kuanguka bondeni. Akajibu kuwa yawezekana, ila kuvibeba hadi juu kutaongeza gharama.

Niliporudi kikaoni, mzee mmoja aliuliza, "Katibu, tulipie ukoga wa mawe?" Nikawaeleza niliyoyaona. Walikaa kimya kidogo, kisha wakakubali kwa sharti moja: ziada ya ubebaji itoke mfukoni mwa katibu.

Nimeilipa. Na mvua za kwanza zilipoanza, nilipanda tena mteremko ule. Jabali lilikuwa kijani.