Reli na Mto wa Mkondoa

Mvumi yetu si ile ya Ugogo, bali ni ya Kilosa, chini ya milima ya Ukaguru. Juzi tulikwenda Kilosa mjini, tukakaa siku mbili tukitazama reli na mto wa Mkondoa, kwani habari zao ni moja.

Mto huu hutoka milimani magharibi, hupita katika bonde jembamba hata Kilosa, kisha hutandaa katika mbuga ya Mkata. Mwisho maji yake huingia Wami. Zamani misafara ya wapagazi kutoka pwani ilifuata bonde hilo, maana ndilo mlango wa kwenda Ugogo. Wadachi nao, walipokwisha kufikisha reli Morogoro mwaka 1907, waliipitisha mlango ule ule. Mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwaka 1914 Kigoma. Ndipo watu wa makabila mengi walipokuja Kilosa, wengine kwa kazi ya reli, wengine kwa mashamba ya mkonge. Wakajenga karibu na stesheni na karibu na maji, palipo na udongo wenye rutuba.

Lakini mto haukusahau njia yake. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mvua ilinyesha sana, maji yakavunja tuta, yakaingia nyumbani mwa watu. Maelfu wakakosa makao. Kati ya Kilosa na Gulwe reli iling'olewa, na kwa muda wa miezi magari hayakupita.

Tulimwuliza mzee mmoja mwenye nyumba karibu na kingo kwa nini hahami. Akajibu, “Mwalimu, shamba langu liko huku. Nikihamia mlimani nitakula mawe?” Tukanyamaza, maana alisema kweli. Hata hivyo, ndugu, shamba likifunikwa na maji hupandwa tena. Mtoto akichukuliwa na maji harudi. Basi shamba na liwe bondeni, na nyumba iwe juu, ijapokuwa miguu itachoka.

Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hata Dodoma mwaka 2024, imepasuliwa njia ndani ya milima ya Kilosa. Kama mafundi wenye mitambo wameupisha mto, sisi wenye nyumba za udongo tungoje nini? Wazee wetu husema, tahadhari kabla ya hatari. Naye Bwana wetu alitufundisha habari za nyumba mbili, ya mwambani na ya mchangani. Walimu, wakumbusheni watu jambo hili kabla ya masika.