Ulanzi tuliukataa, soda tukazinywa

Kama una harusi karibu, soma mpaka mwisho, maana haya yametukuta wenyewe.

Mdogo wetu kaposwa na kijana wa Kibena, Muislamu mwenzetu, kwao Mahongole, Makambako. Miezi miwili kabla ya nikaha tukavuka bahari, tukapanda basi, tukaenda kuwasalimu wakwe. Gauni lilishakatwa, na sote watatu tulikuwa tunapunguza mwili: wali tumeacha, mkate tumeacha, chapati hata kuzitazama hatutaki.

Ilikuwa Februari, na huko mvua ndiyo msimu wa ulanzi. Asiyeujua, ulanzi ni maji ya mwanzi. Chipukizi hukatwa ncha, maji yakadondoka kwenye chombo cha mwanzi huo huo. Yakitoka tu ni matamu, lakini hayangoji hamira. Huchacha yenyewe, na kila saa ikipita yanazidi kuwa pombe.

Bibi wa bwana harusi, Mkristo, akatuletea kikombe kwa mikono miwili.

"Huu wa asubuhi, wajukuu zangu. Bado mtamu, haujawa pombe."

Tukatazamana. Kurudisha kikombe cha bibi mbele ya wakwe ni aibu. Lakini jua lilishapanda, na dini yetu iko wazi: kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Na huwezi kusema unaonja tu ujue kama kimechacha. Kuonja ni kunywa.

Mdogo wetu akapiga goti, akapokea kikombe, akasema: "Ahsante bibi. Sisi kikianza kuchacha hatunywi, na huu hatujui umefika wapi. Tunaomba dua yako tu."

Bibi akacheka, akakichukua akanywa mwenyewe, akamtuma mtoto dukani. Zikaja soda. Tukanywa mbili mbili, huku moyoni tunajisifu kwa imani yetu.

Jioni wifi yetu, ambaye ni muuguzi, akatuuliza kwa upole: "Wifi zangu, mnapunguza mwili kwa soda?"

Akatuhesabia. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Sisi tulishameza 74 kwa kikao kimoja. Gramu ya pombe ina kalori 7, ya sukari 4. Zote mwili unazihesabu.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikumbuka chai za maziwa za Unguja, vijiko vitatu kila kikombe, juisi ya ukwaju, sharbati kila tunakoalikwa. Wali tuliuacha, sukari tukaendelea kuinywa. Tulidhani kwa kuwa ni halali basi haina hesabu.

Tuliporudi wali tukaurudisha, kwa kiasi. Tukaacha sukari ya kikombeni: maji, chai ya tangawizi kavu, embe zima badala ya juisi yake. Alhamdulillah, siku ya nikaha zipu ilipanda bila mdogo wetu kuzuia pumzi.

Basi bi harusi, kabla hujajinyima chakula, andika kila unachokunywa kwa siku tatu, kisha jihesabie mwenyewe. Allah akutimizie siku yako kwa afya na furaha. Amin.